Sauti ya Marehemu Kwenye Mkia wa Ujumbe

Jumamosi jioni, Arua. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa haijaamua kama inanyesha au inaondoka. Umeme umekatika tangu mchana, naandika kwa betri iliyobaki kwenye kompyuta, kwa hiyo leo sitaremba maneno.

Nasikia baridi, na si ya mvua.

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu. Naandika programu za simu. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la magodoro, na tuko wawili tu, mimi na Lino. Kazi yetu kubwa ni programu ya madereva wa malori wanaopita Oraba kwenda Sudan Kusini. Dereva mkono uko kwenye usukani, wengi wao kuandika hawapendi, basi wanasema tu. Wakishavuka Kaya, ng'ambo ya mpaka, mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Programu inashika sauti ya mtu, inangoja, mtandao ukichungulia hata kidogo inaituma nyumbani. Madereva wanaipenda. Wake zao wanaipenda zaidi.

Tuliijenga kwa lugha mbili za kompyuta. Lino aliandika sehemu ya juu, ile unayoiona na kuigusa, kwa Kotlin. Mimi niliandika sehemu ya chini, inayohifadhi sauti zenyewe, kwa C++. Tulisema ni kwa sababu simu za watu wetu ni za bei rahisi na C++ haili betri. Sababu nyingine ni kwamba mimi na Lino hatuwezi kuandika kwenye faili moja bila kununiana.

Kwa asiyejua kazi hii: sisi tunasema kitu kina uhai. Kinazaliwa, kinatumika, kinakufa. Ujumbe mmoja wa sauti ni kitu. Kwenye Kotlin mazishi hayakuhusu, kuna mfagiaji anayepita kwa wakati wake, na chochote kisichoshikwa na yeyote anakizoa. Kwenye C++ mfagiaji hakuna. Aliyekileta kitu ndiye atakayekiondoa. Ukichanganya lugha hizo mbili, kitu kimoja kinakuwa na nusu mbili, na kila nusu ina sheria yake ya kufa. Nusu moja inaweza kufa huku nyingine haina habari.

Nimelieleza jambo hili mara nyingi huku nikicheka. Leo sicheki.

Shangazi yangu Hawa, mdogo wake baba, anakaa Koboko, upande wa kwenda Dranya. Mume wake, Anko Yakubu, alikuwa dereva. Mvua hizi zilipoanza, daraja moja huko mbele ya Kaya lilikatika, na lori lake likaingia mtoni. Wenzake walimpata baadaye, mbali kidogo na pale. Wakamwosha, wakamswalia, wakamzika kando ya barabara, kwa sababu hali ya mwili haikuruhusu safari. Koboko ikafika habari peke yake. Tukakaa matanga bila maiti, na Shangazi akaingia eda.

Hakulia sana. Kila aliyekuja kumpa pole alimuuliza swali moja tu: nani aliuona uso wake?

Wiki hii ndiyo mambo yalipoharibika. Siraji, wakala wa mizigo pale mpakani Oraba, rafiki wa Anko tangu ujana, alimtumia Shangazi ujumbe kwa programu yetu. Ujumbe mfupi. Nimeusikia mara nyingi mno, nauweka hapa kama ulivyo.

"Mama, salam alekum. Turubai ya gari ya Yakubu iko kwangu hapa Oraba. Tuma mutu kuchukua."

Hapo Siraji anamaliza. Inapita kama pumzi moja ya kimya. Halafu inakuja sauti nyingine, ya chini, ya mtu aliyechoka, na injini inanguruma nyuma yake kwa mbali.

"...basi ni hivyo tu. Wewe iko nasikia mimi, Hawa? Jibu basi."

Anko Yakubu mwenyewe.

Shangazi akajibu. Akajibu tena. Wifi yake alimkuta jikoni, chungu kinaungua, yeye anaongea na simu kwa sauti ya upole ambayo hatukuwa tumeisikia kwake tangu msiba. Siraji alipigiwa, akaapa alikuwa peke yake kibandani aliporekodi. Wazee wakasema ni jini, asomewe. Shangazi akasema hataki kusomewa, na eda pia haitaki tena, kwa kuwa eda ni ya mjane na yeye mume wake yuko hai, amemuuliza swali na anangoja jibu. Akapatana na dereva mmoja anayeondoka kesho Jumapili. Anataka kupita njia ile ile, juu ya daraja la magogo walilotengeneza kwa muda, mpaka ampate.

Alhamisi alinipigia.

"Zubeda, hii kitu ni wewe natengeneza. Iko nasema uongo?"

Nikamwambia ngoja niangalie, Anti. Kichwa changu kilishaanza kushuku kosa ni la aina gani, lakini mwili haukutaka kujua habari za kichwa. Mwili ulisikia maiti ikiomba jibu.

Nilimwelekeza abonyeze kile kitufe cha ripoti, kinachotutumia nakala ya ghala lote la sauti lililo kwenye simu yake. Jana mchana mimi na Lino tukalifungua.

Ghala lenyewe niliandika mimi. Ni faili moja kubwa iliyogawanywa vyumba, ili hata simu ikizima ghafla sauti zisipotee. Fikiria nyumba ya wageni pale Oraba. Ujumbe unakuja, unapewa chumba. Ukifutwa, chumba kinarudi kuwa tupu, anaingia mwingine. Ila mimi, kwa kuharakisha mambo, sikufagia. Nilibandua jina mlangoni tu. Mgeni mpya akiwa mfupi, anafunika mwanzo wa yule wa zamani, na mwisho wa zamani unabaki umelala pale pale nyuma yake. Si tatizo, nilijiambia, kwa sababu Kotlin itasema mgeni mpya ana urefu gani na msikilizaji atakomea hapo. Lino naye alijiambia C++ ndiyo itakayosema. Kwa hiyo hakuna aliyesema, na urefu wa zamani ukabaki mlangoni.

Tulisikiliza vyumba vyote, kimoja kimoja, mpaka mwisho wa kuta.

Sitaki kusikia kitu kama kile tena. Nyuma ya kila ujumbe mzima kulikuwa na mkia wa mwingine, na nyuma ya mkia, kipande kifupi zaidi cha aliyetangulia. Mianzo yote imefunikwa. Imebaki miisho mitupu. "...wasalimie wote." "...mpaka Jumanne, Mungu akipenda." "...usimwambie mama." Mtoto anacheka, kicheko kinakatwa. Mtu anasema "haya" na kunyamaza. Wanaume niliowajua na nisiowajua, wanaagana, wanaagana, hakuna hata mmoja anayefika. Lino alivua visikilizio akaenda kusimama kwenye ngazi, akatazama mvua.

Aliporudi nilimwambia kinachonisumbua. Shangazi ameapa kwamba maneno yale hajawahi kuyasikia. Alikuwa akisikiliza kila ujumbe wa mume wake mpaka mwisho kabla ya kuufuta ili simu isijae, na huu haujui. Basi ulifikaje chumbani?

Lino akatazama kwenye seva. Kisha akageuza kompyuta yake nione mwenyewe, kwa sababu hakutaka kulitamka.

Anko alituma ujumbe siku ile ile ya ajali, kabla ya kufika darajani. Uliingia kwenye simu ya Shangazi wote, mwanzo hadi mwisho, ukapewa chumba. Ilibaki hatua moja, ishara ndogo ya kuthibitisha, ili uonekane kwenye skrini na simu ilie. Mtandao ukakatika kabla ya ishara hiyo. Upande wa Lino hakuna kilichokuwa kimeushika ujumbe wakati unangoja. Mfagiaji akapita, akaona kitu kisicho na mwenyewe, akakizoa. Alipokuwa anakizoa akaniachia taarifa mimi wa chini: chumba kile ni tupu. Nami nikabandua jina.

Ukakaa pale bila jina mpaka Siraji alipokuja na habari za turubai.

Maneno ya mwisho ya Anko Yakubu yalifika nyumbani. Yalifika kabla ya habari za kifo chake. Yalikuwa kwenye simu ya mke wake, labda alikuwa ameishika mkononi, na sisi wawili tukayafuta kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anayashikilia. Nakala kwenye seva hakuna, tuliwaahidi watu kwamba sauti ikishafika haibaki kwetu. Simu ya Anko iko mtoni.

Nilijaribu kila njia ya kurudisha mwanzo. Hakuna. Ukiandika juu ya kitu, kimekwenda.

Leo asubuhi nilikwenda Koboko. Ningeweza kupiga simu, lakini habari kama hii haipigiwi simu, na kwa kweli niliogopa angenikatia akapanda lori leo leo. Nilimkuta anafunga furushi. Kitenge, sabuni, shati la Anko la bluu, lililopigwa pasi.

Nilimweleza yote, taratibu, bila Kotlin wala nini. Nikamwambia kulikuwa na vyumba, na mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kufagia.

"Kwa hiyo ni yeye nasema," akasema.

"Ndiyo, Anti. Ni yeye."

"Wewe unaona! Mimi si mwenda wazimu."

"Ni yeye, lakini ni ya siku ile. Kabla ya daraja. Haikukufikia kwa sababu ya kazi yetu."

Nilitegemea anitukane, na ningeona ni haki. Akauliza, "Mwanzo iko wapi?"

"Haipo."

"Haipo, ama unaficha? Kama ni neno mbaya, sema tu. Mimi mutu muzima."

"Haipo, Anti. Wallahi. Ujumbe wa Siraji umelala juu yake. Hata mimi sijui alisema nini."

"Turubai."

"Ndiyo."

"Turubai ndiyo nafunika bwana yangu." Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta, mpaka wifi yake akaja kuchungulia mlangoni, kisha kile kicheko kikageuka, na kilio ambacho hakukitoa siku ya msiba akakitoa leo. Nilikaa naye chini. Nililia pia, sioni aibu kuandika.

Alipotulia nikampa nilichodhani ni zawadi. Nikamwambia ule mkia ninaweza kuukata vizuri, nimwekee mahali pake peke yake, awe anausikiliza anapotaka. Hata injini ile ya nyuma ningeweza kuipunguza.

Akatikisa kichwa.

"Yeye nauliza mimi, jibu basi. Kesho nauliza tena. Kesho kutwa nauliza. Mutu wa kufa nauliza namna hiyo, atapumzika lini?" Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Hiyo chumba iko bado?"

"Iko."

"Mimi nikisema mule ndani, yeye nafutika?"

"Ukisema kifupi, mwisho wake unabaki kama ulivyo. Ukijaza chumba, unamfunika."

"Na ile iko kwako, Arua?"

"Nitaifuta."

"Apa."

Nikaapa. Kisha nikamfungulia chumba kile kile kwa ukurasa wetu wa majaribio, nikamwonyesha pa kugusa, nikamwambia kitajifunga chenyewe kikijaa. Akaingia chumbani kwake akavuta pazia. Mimi nilikwenda jikoni kumsaidia wifi yake kumenya muhogo. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu, sikusikia neno hata moja, na nilishukuru.

Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Sisemi alikuwa na furaha. Alikuwa kama mtu aliyeshusha mzigo wa kuni na bado shingo inauma. Alimtuma wifi yake amwambie yule dereva asimngoje. Akafungua furushi, akarudisha vitu mahali pake, akatandika mkeka wake wa eda. Akaniuliza kama nimekula. Nikapokea simu yake, nikabonyeza kitufe cha ripoti ili nihakikishe chumba kimejaa, nikaaga.

Sasa niko hapa. Toleo jipya liko tayari. Upande wa Lino unashika kila ujumbe kwa mikono miwili mpaka uthibitishwe, na upande wangu unafagia chumba hadi pembeni kabla ya kukikabidhi. Likitoka asubuhi, miisho yote kwenye simu zote za madereva na za nyumbani kwao itafagiwa. Lino ananitumia ujumbe kila dakika kuuliza kama nimekubali. Tulipaswa kuliachia jana, kwa haki ya watu wengine ambao siri zao zinalala kwenye mikia ya wenzao. Tulingoja kwa ajili ya Shangazi, na hilo ni kosa letu la pili.

Faili ya jana, yenye sauti ya Anko, nimeifuta kama nilivyoapa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuzima taa.

Ikabaki ripoti ya leo. Sikutaka kusikia maneno ya mke kwa mume wake, hayanihusu. Nilifungua picha ya sauti tu, ile mistari inayopanda na kushuka, nione kama chumba kimejaa. Kimejaa. Mwanzoni kuna vilima vya kuongea, virefu, vinafuatana bila kupumzika. Halafu vinakoma. Mbele yake ni mstari mnyoofu.

Alimaliza kusema na hakuzima. Alikaa pale chumbani, simu mkononi, akanyamaza. Kwa kazi yetu haina tofauti, kimya nacho kinaandikwa, kinafunika vile vile. Anko amefunikwa. Nilikaribia kufunga kompyuta.

Ila mwisho kabisa wa ule mstari mnyoofu, karibu na ukuta wa chumba, kuna kilima kimoja. Kidogo. Kina upana wa neno moja, labda mawili.

Si mvua. Mvua ilikuwa ikipiga mabati muda wote ule na haionekani popote, kwa sababu kwenye ukurasa ule wa majaribio niliweka chujio jipya, ambalo madereva hawana bado, linaloondoa mvua, injini, upepo, kuku, kila kelele ya nyumba zetu. Lile chujio nalijua, nimelipima mwenyewe kando ya barabara kuu ya Koboko malori yakipita. Kinachopita pale ni sauti ya mtu.

Bila shaka ni Shangazi. Alikuwa peke yake nyuma ya pazia, nani mwingine? Labda alikohoa. Labda alisema "haya", kama wanavyosema watu wakimaliza. Kitufe cha kusikiliza kilikuwa chini ya kidole changu, na dirishani giza lilikuwa linaanza kuingia, na nakiri hapa kwamba niliogopa kama mtoto.

Sikusikiliza. Nimefuta na hiyo pia. Lino nimemwandikia: achia toleo asubuhi, tufagie.

Lakini nina swali, na aliyekuwa na jibu nimemfuta kwa mkono wangu. Kama ni Shangazi aliyesema lile neno la mwisho, mbona kwanza alinyamaza muda wote ule, kama mtu anayempisha mwenzake aseme?